Uongo wangu ulinifuata mpaka Antaktika

Naanza na ile insha, juu bila ile insha nisingefika popote. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, Kampala, nasoma jiografia, rafiki yangu akanitumia tangazo kwa WhatsApp kwamba kuna safari ya wanafunzi kwa meli mpaka Antaktika, wanachukua watu kutoka nchi mbalimbali, ukichaguliwa tiketi na meli wanalipa wao, wewe jaza fomu na uandike insha ya ukurasa mmoja kueleza kwa nini wewe na sio mwingine. Nikakaa hosteli usiku, umeme umekatika, naandika kwa simu yenye chaji asilimia ishirini.

Mimi ni wa Kasese, tena Kilembe kabisa, chini ya Rwenzori. Nikaona silaha yangu ni mlima. Nikaandika kwamba nimekulia kwenye theluji ya ikweta, kwamba nimepanda mpaka juu nikagusa barafu ya Margherita, kilele cha juu kabisa, kwa mikono yangu, kwamba nimeiona ikipungua mwaka hadi mwaka, na kwamba barafu hiyo hiyo ndiyo iliyeyuka ikajaza mto Nyamwamba ukaja kutubomolea nyumba Mei 2013. Nikaisoma mara mbili nikajipenda.

Sasa ukweli ni huu. Sijawahi kupanda hata robo. Theluji ya Rwenzori naijua vile kila mtu wa Kasese anaijua, asubuhi moja moja mvua ikiwa imenyesha usiku mawingu yanafunguka, unaona kitu cheupe kule juu kwa dakika kumi hivi, unamwambia jirani "leo imeonekana", halafu wingu linafunga na kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Basi. Mafuriko yalitupata kweli, jiko na choo vilienda na maji kweli, lakini hiyo habari ya barafu kuleta mafuriko niliitoa kichwani tu, ilikuwa inakaa vizuri kwenye insha.

Wakanichukua.

Maandalizi sitayasimulia yote maana yatanikasirisha upya. "Tunalipa kila kitu" ni maneno matamu lakini kuna bima ambayo lazima iwe ya kukutoa huko ukivunjika mguu, kuna viza ya Ajentina ambayo nililazimika kuifuata Nairobi, basi la usiku, kurudi bila viza, kwenda tena. Kuna nguo. Familia ilifungua grupu ya mchango, mama mdogo ndiye mweka hazina, na kila mtu aliyetoa elfu kumi alijiona ana haki ya kuniuliza hivi huko utakula nini. Kama wewe ni mwanafunzi na umepata nafasi kama hii, kabla ya kushangilia waandikie uwaulize kimoja kimoja: bima nani, viza nani, nguo nani, chakula cha njiani nani. Mimi niliona aibu kuuliza nikaonekana maskini, na aibu hiyo ilimgharimu mama mbuzi wawili.

Nguo nilienda soko la Owino. Usicheke, mivumba (mitumba) ya Owino ina majaketi ya watu waliokuwa wanateleza kwenye theluji huko Ulaya, ukiamka mapema wakati wanafungua beli unapata kitu cha maana. Nilipata jaketi la bluu lina mifuko tisa. Likumbuke hilo jaketi.

Safari yenyewe ni Entebbe, Addis, São Paulo, Buenos Aires, halafu ndege nyingine kama saa tatu na nusu mpaka Ushuaia, mji wa mwisho kabisa kusini mwa Ajentina, wenyewe wanauita mwisho wa dunia na wameandika hivyo kila mahali mpaka kwa vikombe. Ilikuwa mwisho wa Desemba, kwao ndio kiangazi, na bado milima iliyo nyuma ya mji ina weupe juu. Karibu kabisa, unahisi ukitembea kidogo unafika. Wenzangu wanapiga picha wanapiga kelele, mimi mdomo umetaka kufunguka nikaufunga. Nikajiambia, wewe ndiye umekulia kwenye theluji, usishangae. Hapo ndio nilianza kuelewa kwamba nitaishi hivi siku zote, nikijizuia kushangaa mbele ya vitu vya kushangaza kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Tukapanda meli jioni, ikapita kwenye mlango bahari wa Beagle pole pole kama ziwa, nikasema hii si ni kama feri tu. Usiku wa manane ikaingia Drake. Drake ni ile bahari kati ya ncha ya Amerika ya Kusini na visiwa vya South Shetland, kama kilomita 800, na upepo na mkondo unaizunguka dunia nzima hapo bila kukutana na nchi kavu ya kuupunguza kasi. Banange. Nilitapika vitu nilivyokula São Paulo. Dawa ya kichefuchefu nilikuwa nayo ila niliimeza baada ya kuanza kuumwa, na hapo haisaidii, unaimeza na inarudi, dawa inamezwa kabla bahari haijachafuka. Kilichonisaidia ni tangawizi, biskuti kavu, na kulala kabini iliyo chini katikati ya meli ambako inayumba kidogo kuliko mbele. Na sheria ya mabaharia, kwamba ukitembea mkono mmoja siku zote uwe umeshika kitu, hata kama umebeba chai, na mlango usishike kwenye ukingo maana ukijifunga na wimbi unaacha vidole pale. Siku mbili nilizolala niliziona kama rehema, maana aliyelala anatapika haulizwi habari za Margherita.

Siku ya pili wakatuita kwa zamu kukagua nguo. Huko kila anayeshuka lazima asafishwe, wanakagua viatu, soli, mifuko, zile sehemu za kunata (velkro) kwenye zipu na mikono, wanapitisha mashine ya kufyonza vumbi, juu mbegu moja tu ikidondoka inaweza kuota, na tayari kuna nyasi za kutoka nje zilizoota kisiwa cha King George. Yule dada wa meli akafungua jaketi langu la Owino mfuko wa kwanza safi, wa pili safi, wa tano akatoa kwa koleo ndogo mbegu tatu nyeusi nyembamba zenye meno mawili kwenye ncha. Kishona nguo! Ile ile inayonata kwenye sketi ya shule ukipita njia ya mkato. Jaketi lilitoka Ulaya likakaa Owino likakaa hosteli, sijui liliokotea wapi, nadhani nilipolianika kwenye majani nyuma ya hosteli. Akaziweka kwenye kikopo cha plastiki akaandika. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, kitu cha kwanza cha nyumbani kukiona baada ya wiki nzima na kinakamatwa kama mhalifu.

Baada ya hapo nikapita ubaoni. Ratiba ya mihadhara imebandikwa, na siku ya sita jioni kuna jina langu, dakika kumi na tano, mada ni barafu ya Rwenzori inayotoweka, kama alivyoishuhudia mwenyeji. Hakuna aliyeniuliza. Walichukua tu kwenye insha yangu. Nilisimama pale nimeshika reli kwa mikono miwili.

Sasa viatu. Nilikuwa nimefikiria Antaktika watu wanavaa buti za wanaanga, nimejiuliza mwezi mzima nitazitoa wapi. Asubuhi ya kushuka mara ya kwanza tukaitwa chumba cha viatu tukapewa gambuti. Gambuti kabisa, buti za mpira, tofauti na za Kasese ni kwamba hizi zina kitambaa nene ndani. Maana unashuka kwenye mtumbwi wa mpira wenye injini na unakanyaga maji kabla ya kufika nchi kavu. Baharia anakupokea, na hamshikani viganja, mnashikana kwenye mkono kati ya kiganja na kiwiko, wewe wake na yeye wako, hivyo hata mmoja akiteleza hamuachani. Unakanyaga beseni la dawa kabla na baada. Hawaruhusu zaidi ya watu 100 kushuka kwa wakati mmoja, pengwini unamuacha mita 5, yeye akikufuata ni shauri lake ila wewe simama. Huli, hukojoi, hukai chini, begi hauweki chini.

Na harufu. Picha hazina harufu ndio maana watu wanawapenda pengwini. Fikiria mukene (dagaa) ulioanikwa ukanyeshewa mvua siku tatu. Wanakula uduvi wadogo wekundu na kinyesi chao ni cha rangi ya waridi, mlima mzima umechorwa.

Theluji niliigusa hapo mara ya kwanza maishani. Niliinama kama nafunga kiatu (gambuti haina kamba, lakini nani anaangalia), nikaivua glovu nikaipeleka mkono. Nilitarajia laini kama unga. Ilikuwa chembechembe kama chumvi ya Katwe, inauma, halafu ikawa maji. Nikainuka nikakuta kijana wa Ekwado ananiangalia.

Huyu kijana ndiye aliyenimaliza, na wala hakuwa na ubaya. Kwao pia ni ikweta, pia wana barafu juu ya milima, na yeye kweli alikuwa amepanda. Akaja kwangu kama ndugu, tukiwa mezani tunakula, akaniuliza kuhusu Margherita, ile siku ya mwisho mlianza kupanda saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, baada ya chai. Akanyamaza. Akaniangalia tena, akasema aa, na akaendelea kukata nyama yake. Sikujua nimekosea nini ila nilijua nimekosea. Baadaye nikasikia akimueleza mwingine kwamba barafu inapandwa usiku wa manane, wakati imeganda, ukisubiri jua inalainika na mawe yanaanza kudondoka. Kila mpandaji anajua.

Usiku huo sikulala. Usiku wenyewe hata haupo, jua linazama karibu na saa sita za usiku na hata hapo giza halifiki, mama alikuwa amenisisitiza nisiache kuswali nami nilikuwa nafuata saa ya Ushuaia kwa kukisia, na kibla kinahama kila meli ikigeuka. Nikaswali isha na kwa dirisha unaweza kusoma gazeti. Ukiwa na uongo kifuani mwanga wa namna hiyo ni adhabu.

Siku ya tano tukafika mahali panaitwa Neko Harbour. Barafu inashuka kutoka mlimani mpaka baharini, ukuta, na ndani ya nyufa ni bluu ambayo sijui niifananishe na nini. Wakatuambia tusikae ufukweni, tupande juu, maana kipande kikikatika kinaleta wimbi. Tumekaa kimya. Ikakatika. Kwanza unaona, kipande kama ghorofa kinainama pole pole bila sauti yoyote, kisha sauti inakuja nyuma yake, na ile sauti sio ya maji, ni ya mawe, mgongano mzito unaoingia kwa miguu kabla ya masikio.

Mimi hiyo sauti naijua. Nilikuwa praimari tatu. Tarehe 1 Mei 2013, mvua kubwa imenyesha mlimani, na Nyamwamba ikaja na mawe, mawe makubwa kama gari yanabingirika ndani ya maji, na kabla hujaona maji unasikia chini ya miguu gu, gu, gu. Mama alitushika mkono tukakimbia kupanda. Hakuna mtu aliyekuwa akipiga kelele kama wanavyoigiza kwenye video, watu walikuwa wanakimbia kimya. Na hapo Neko nikajikuta nimeanza kupanda kilima peke yangu, haraka, mpaka wakaniita.

Profesa wetu wa barafu, mama mmoja wa Norwe, mrefu, mpole, akanifuata. Nikamwambia yote hapo hapo. Kwamba sijapanda, kwamba theluji nimeigusa juzi, kwamba sauti ndiyo pekee ninayoijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia, kwamba kuhusu kupanda hakujua, lakini kuhusu mafuriko alishajua tangu aliposoma insha. Barafu iliyobaki Rwenzori ni ndogo mno, maji yake kwenye mito yenu ni tone, akasema, kilichobomoa nyumba yenu ni mvua. Kisha akanipa hesabu: mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipopanda na watu wake wakaipima milima ile, kulikuwa na barafu 43 zenye majina kwenye milima 6, jumla kilomita za mraba kama 7.5. Ilipofika 2005 zilikuwa zimebaki chini ya nusu, kwenye milima 3 tu, Stanley, Speke na Baker, na eneo kama kilomita za mraba 1.5. Barafu ya Antaktika tuliyokanyaga unene wake wa wastani ni kama kilomita 2 kwenda chini. Ya kwetu yote unaizunguka kwa miguu saa moja hivi, kama ingekuwa mahali pamoja. Mgeni wa Norwe ananifundisha idadi ya barafu za kwetu! Nilitaka bahari inimeze.

Nikamuuliza basi niondoe jina langu ubaoni. Akasema hapana, liache, ila utaondoa lile neno la kushuhudia uweke ulichoshuhudia.

Nilizungumza dakika tisa. Nilianza na uongo, nikausoma ule mstari wa insha kwa sauti, halafu nikasema sio kweli. Nikawaambia ya mawe na ya asubuhi za dakika kumi. Nikawaambia wazee wetu theluji wanaiita Nzururu na kwamba kule juu ndiko kwa Kitasamba, mungu wa mlima, na kwamba babu yangu, Mwislamu safi kabisa, bado alikuwa anashusha sauti akitaja jina hilo. Maswali yalikuja mengi kuliko nilivyoweza kujibu, yule wa Ekwado aliuliza kuhusu mawe peke yake mara tatu.

Lakini sio wote walinipigia makofi na nisingependa uondoke ukidhani hivyo. Dada mmoja wa India, ambaye tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila siku, aliniambia kwenye korido bila kupandisha sauti: kuna mtu hakupata nafasi kwa sababu yako, labda ni Mganda mwenzako, labda yeye alipanda kweli. Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Nilimfikiria huyo mtu, nikampa sura, nikampa hata jaketi lake. Waandaaji nao waliandika imeili baadaye, ya adabu, wakisema watabadilisha namna ya kuchuja insha. Haikunitaja ila ilinihusu.

Siku zilizobaki nilishangaa kwa sauti. Nilipiga kelele kwa nyangumi. Mabaharia waliokota kipande cha barafu ya zamani baharini wakakiweka kwenye bakuli, ukiinamisha sikio kinalia pa pa pa kama mafuta ya moto yaliyoingia tone la maji, ni hewa iliyobanwa humo tangu theluji hiyo idondoke inatoka. Nilikaa na lile bakuli mpaka likawa maji tu, na hakuna aliyenicheka. Tulisomeshwa pia ule Mkataba wa Antaktika wa 1959, nchi 12 zilitia sahihi na Afrika nzima ilikuwa na moja tu, Afrika Kusini, ya makaburu wakati huo, na tulibishana mpaka usiku. Nilibishana vizuri sana, kwa mtu asiye na kitu cha kuficha ubishi ni rahisi.

Niliporudi Kilembe watu walikuja kusalimia, wale wa mchango wakitaka picha za elfu kumi zao. Mjomba wangu alikuja wa mwisho, jioni, akakaa kwenye benchi nje. Huyu mjomba amebebea watalii mizigo mlimani tangu mimi sijazaliwa. Miaka yote hiyo ameishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na sikuwahi kumuuliza swali hata moja, wakati naandika ile insha angeniambia kila kitu kwa simu ya dakika tano.

Akaangalia picha zote, moja moja, anakuza kwa vidole. Kwenye picha ya miguu yangu akasimama.

"Hizi si gambuti?"

"Ni gambuti, mjomba."

"Wazungu wanakuja hapa na viatu vya milioni, wakifika kwenye matope ya Bigo wanatuomba gambuti." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia kwamba kule juu, mahali alipoanza kazi akikanyaga barafu, siku hizi anakanyaga jiwe tupu, na kila mara inabidi watafute upya pa kupitia. Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayekueleza duka limehama.

"Nipeleke," nikamwambia.

"Una gambuti?"

"Zile nilirudisha melini."

"Sasa binti, utapanda na sandozi?"

Nilinunua namba 39 sokoni Mpondwe, muuzaji alianza na elfu arobaini tukaishia ishirini na tano. Ziko hapa mlangoni. Tunaanzia Nyakalengija mvua zikipungua, na mjomba ameshaniambia ile siku ya mwisho kutoka kambi ya Elena tunaamka saa nane za usiku, chai tutakunywa tukirudi.